Yah: Seti yenu ya kupimia vimeng'enya inaua vimeng'enya

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Imeli nilishatuma, nikajibiwa na mtu wenu wa ufundi kwamba eti kimelea changu kimechanganyika, sasa naandika rasmi maana hilo jibu silikubali hata kidogo.

Boksi limeandikwa kabisa ni seti ya kutofautisha spishi za Phytophthora (vimelea vya magonjwa ya mimea; hizi kwa kweli si kuvu halisi ila wengi wamezoea kuziita hivyo, tuyaache) kwa kuangalia vimeng'enya. Haya. Nafungua maelekezo, hatua ya kwanza: changanya sampuli na bafa (kimiminika cha kudhibiti uasidi) yenye SDS, ile sabuni kali inayokunjua protini, halafu chemsha nyuzijoto 95 kwa dakika 5. Chemsha!! Kimeng'enya kikishachemshwa kimekufa, na hapa mstari unaonekana kwenye jeli (ambamo protini zinasukumwa kwa umeme ili zitengane) kwa sababu tu kimeng'enya chenyewe bado kinapiga kazi, GPI (ndicho kimeng'enya tunachokitafuta) inageuza sukari iitwayo fruktosi-6-fosfeti, mambo yanaendelea mpaka MTT, kemikali ya kutia rangi, inakuwa zambarau palepale kilipokaa. Na hata kingepona, SDS inazivika protini zote chaji hasi zinaachana kwa ukubwa tu, wakati sisi tunatafuta ile tofauti ndogo ya chaji kati ya spishi ambazo kwenye darubini ni mapacha.

Jeli ikatoka tupu. Nikaweka bafa yenu pembeni, nikasaga nyuzi za kimelea upya kwenye bafa isiyo na SDS, kila kitu juu ya barafu, mistari ikaja safi. Ilikuja mitatu, ndo hapo mtu wenu akarukia kusema mchanganyiko. Si mchanganyiko jamani. GPI ni vipande viwili vilivyoungana, na Phytophthora ina seti mbili za kromosomu, kwa hiyo ikiwa na aleli (matoleo ya jeni) mbili tofauti unapata mistari mitatu na wa katikati ndo mnene kuliko wenzake, ndivyo ilivyo kwenye picha niliyowatumia. Isitoshe kimelea chenyewe nilikiotesha kutoka zoospora moja, yaani kijimbegu kimoja kinachoogelea.

Chupa ya PMS (kemikali nyingine ya kutoa rangi kwenye jeli) nayo imekuja ya kioo kisicho na rangi, dawa imeshakuwa ya kijani. Kitu kinachoharibiwa na mwanga mnakifungaje hivyo?

Nataka hela yetu irudi yote, hayo maelekezo myaondoe, na muwaandikie wateja wengine walionunua seti hii, maana wapo watakaoona jeli tupu wakaandika kwamba spishi yao haina GPI. Boksi, chupa na kilichobaki cha bafa ninavyo, mkitaka kuvikagua njooni mvichukue kwa gharama zenu.