Taarifa ya uendelevu isiwe kisingizio cha kutupa samani nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wahasibu na maofisa ununuzi wa Dar es Salaam wameanza kukutana nalo, nalo ni namna masharti ya kutoa taarifa za uendelevu, yaani maelezo ya kampuni kuhusu mambo kama mazingira na tabianchi, yanavyobadilisha ofisi zetu. Viwango viwili vya kimataifa vya taarifa hizo, IFRS S1 (ya jumla) na IFRS S2 (ya tabianchi), vilitolewa Juni 2023, na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, imeshavipokea vitumike nchini. Kabla ya hapo, mwaka 2022, Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetoa mwongozo kwa benki na taasisi za fedha kuhusu athari za kifedha zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi. Nayaunga mkono masharti haya kwa moyo wote. Kinachonisikitisha ni kuona yakitumiwa kuhalalisha kinyume cha yale yanayoyadai.

Hali yenyewe ni hii. Uongozi unaambiwa kwamba kampuni itatakiwa kueleza gesijoto inazozalisha, yaani gesi zinazopasha joto angahewa kama kaboni dioksidi, na jibu la kwanza linalokuja ni kukarabati ofisi ili ionekane rafiki wa mazingira. Katika kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi, meza za mninga ambazo hazikuwa na kasoro zaidi ya mikwaruzo ziliuzwa kwa mnada, zikaletwa meza nyeupe za MDF (mbao za unga wa mti uliogandamizwa kwa gundi) kutoka ng'ambo, dari ikafungwa jipsamu mpya, na picha za ukumbi huo zikawekwa kwenye taarifa ya mwaka chini ya kichwa cha mazingira. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Waliamini kweli kwamba kitu kipya chenye cheti cha mazingira kina madhara madogo kuliko cha zamani kisicho na karatasi.

Hesabu inasema vingine. S2 inataka kampuni ieleze pia gesijoto zinazozalishwa na wengine kwa sababu ya shughuli zake, yaani wigo wa tatu, ingawa kwa mwaka wa kwanza inapewa nafuu ya kutozieleza. Na mafungu 15 ya wigo huo yametokana na kiwango cha mwaka 2011 cha GHG Protocol, mfumo wa kimataifa wa kuhesabu gesijoto. Samani huangukia katika fungu la pili, la mali za kudumu. Sisi wahasibu tumezoea kuigawa gharama ya meza kwa miaka ya matumizi yake, tukitoza uchakavu kidogo kidogo kila mwaka. Kwa gesijoto kiwango hicho hakitaki tufanye hivyo: uzalishaji wote, tangu mti ulipokatwa au chuma kilipochimbwa hadi meza ilipokamilika kiwandani, huandikwa kwa mkupuo katika mwaka ambao meza ilinunuliwa. Kwa hiyo ofisi inayobadilisha samani zote kwa wakati mmoja hujitwisha mzigo wote katika taarifa moja, wakati ofisi iliyobaki na meza zake za tangu mwaka 1995, ikazipiga msasa na kuzipaka vanishi upya, huandika msasa na vanishi tu. Ningependa kila mjumbe wa bodi aelezwe jambo hili kabla hajaidhinisha bajeti ya ukarabati.

Kuna mtego mmoja hapo, na naomba wenzangu wauangalie kwa makini. Kwa kuwa wauzaji wengi wa samani hawana takwimu za gesijoto za bidhaa zao, kampuni nyingi hukadiria kwa kuzidisha fedha zilizotumika na kigezo cha wastani cha sekta, yaani gesijoto zinazokadiriwa kwa kila shilingi. Njia hiyo inakubalika, lakini inamwadhibu anayenunua kitu kinachodumu. Tuseme meza ya mninga inauzwa shilingi milioni mbili na ya MDF shilingi laki tano. Kwa njia ya fedha, ya kwanza itaonekana imechafua mara nne zaidi, hata kama itawahudumia wafanyakazi wa vizazi viwili, na ile ya pili itavimba kingo mara itakapolowa maji ya kudekia. Dawa yake ni kuhesabu kwa uzito na aina ya malighafi, jambo ambalo si gumu: mezani kuna kilo kadhaa za mbao, kilo kadhaa za chuma na kioo, na fundi aliyeitengeneza anazijua. Kinachotakiwa ni kumwuliza na kuandika jibu lake.

Jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko samani zenyewe ni kuta za ndani. Ofisi nyingi za Posta, Upanga na Masaki zimekatwakatwa kwa kuta za jipsamu au kioo zinazofika darini, kila mkuu wa kitengo akiwa na chumba chake, na matokeo yake upepo wa kusi au wa kaskazi unaoingia dirisha la upande mmoja haupati njia ya kutokea upande wa pili. Kila chumba basi kinadai kiyoyozi chake, na kiyoyozi kinaingia katika taarifa kwa njia zaidi ya moja. Kuna umeme wa gridi. Kuna dizeli ya jenereta umeme unapokatika, ambayo kila lita yake hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Tena kuna gesi ya kupoozea yenyewe, ambayo watu wengi huisahau kabisa: kilo moja ya R-410A, iliyomo katika viyoyozi vingi vya ofisini, ikivuja hupasha joto angahewa sawa na takriban kilo 2,000 za kaboni dioksidi. Kila mara mpangilio wa ofisi unapobadilishwa viyoyozi huhamishwa, na fundi asiyesimamiwa huiachia hewani gesi iliyomo. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza sana umeme wa maji, usio na gesijoto nyingi, katika gridi yetu, kwa hiyo dizeli na gesi ya kupoozea zitazidi kuonekana katika hesabu zetu za miaka ijayo. Kuta zinazoishia usawa wa bega, madirisha yanayofunguka na feni za darini vitapunguza gesijoto zaidi kuliko meza yoyote yenye cheti.

Sisemi kwamba samani ndizo chanzo kikubwa cha gesijoto kwa kila taasisi. Kwa benki, gesijoto za viwanda na wasafirishaji inaowakopesha huzidi za ofisi mbali sana. Lakini ofisi iko mikononi mwetu moja kwa moja, na mbao zake zinagusa riziki za Watanzania.

Pale inapobidi kununua, kwa nini tuanzie kwenye katalogi za nje? Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, ikiwa misitu ya asili ya kwanza barani Afrika inayosimamiwa na wanavijiji kupata cheti hicho, na vijiji vyenyewe ndivyo vinavyopokea mapato ya magogo ya mpingo, mninga na mkongo. Muheza kuna shamba la mitiki la Longuza, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mafundi samani wa Keko, hapa Dar es Salaam, wanao ujuzi wa kuunda meza ya ofisi inayofunguka kwa skrubu, ikarekebishwa mguu mmoja bila kutupa yote. Wanakosa zabuni kwa sababu hawana makabrasha ambayo mwagizaji mkubwa anayo, na hilo linaweza kutatuliwa kwa karatasi moja: hati ya makabidhiano inayotaja aina ya mbao, uzito, na namba ya kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Fundi asiyeweza kuonyesha kibali asipewe kazi, kwa sababu mninga uliokatwa kwa wizi hauwi halali kwa kuchongwa Keko.

Naiomba NBAA, katika mafunzo inayowapa wanachama wake, itumie mfano wa ofisi ya Dar es Salaam uliofanyiwa hesabu hadi mwisho, wenye meza, kuta, viyoyozi na jenereta, badala ya mifano ya nchi za baridi ambako shida ni kupasha joto. Wakaguzi nao, wanapopitia rejista ya mali, waulize swali ambalo halina gharama: samani zilizoondolewa mwaka huu zilikuwa zimeharibika nini, na ziko wapi sasa?

Wako,
Mhasibu,
Upanga, Dar es Salaam