Vijana wanaotafuta riwaya za ajabu waanzie kwa Shaaban Robert

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeuliza, hivi karibuni, ni vitabu gani vya fantasia na vya vijana anavyoweza kumtafutia mwanawe wa kidato cha pili, ambaye amemaliza vitabu vyote vya Harry Potter alivyoazima kwa wenzake na sasa anashikilia kwamba Kiswahili hakina hadithi za aina hiyo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari nje kidogo ya jiji la Mbeya, upande wa Uyole, na kwa miaka mingi nimetunza kabati la vitabu ambavyo wanafunzi huazima kwa hiari yao, bila mtihani wala maswali ya ufahamu. Dai la mtoto huyo nimelisikia mara nyingi. Si la kweli, lakini simlaumu anayelisema, kwa kuwa vitabu vyetu vya ajabu tumevifungia katika fasihi ya darasani, na kijana hukutana navyo kwa mara ya kwanza akiwa ameagizwa ataje dhamira na tamathali za semi kabla hajapata nafasi ya kushangaa.

Kitabu ninachomkabidhi kwanza kijana wa namna hiyo ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952. Mfalme Rai wa Ughaibuni anamtuma Ikibali kwenda Janibu kufuatilia kodi iliyochelewa, na huko Ikibali anakaribishwa na liwali wa mji, Adili, mtu mwema anayesifiwa na kila mtu. Usiku, mgeni anamwona mwenyeji wake huyo mpole akiwacharaza manyani wawili kwa kiboko, kisha akiwalisha na kulia kwa huzuni. Kuanzia hapo sijaona mtoto aliyekifunga kitabu. Nakala iliyo kabatini kwangu imebandikwa selotepu mgongoni, na kurasa hizo za manyani ndizo zilizochakaa kuliko zote, kwa sababu waliokwisha kukisoma hurudi kuwaonyesha wenzao. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu ya ubaya waliomtendea ndugu yao, na Adili hawapigi kwa kupenda, amelazimishwa. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alikuja kuniuliza, akiwa amekishikilia kitabu kifuani, kwa nini Adili asikatae tu na yeye akaadhibiwa badala yao. Tulilizungumza swali hilo mpaka kengele ya jioni ikalia, na wenzake waliokuwa wakisubiri kuazima wakaingilia, kila mmoja na upande wake. Swali la namna hiyo halijawahi kunifikia kutokana na mtihani.

Ndani ya kitabu hicho mna bahari, majini, na mji mzima ambao watu wake wamegeuka mawe. Mzazi aliyewahi kusoma Alfu Lela Ulela atatambua udugu wa visa hivyo, na ni vizuri amwambie mwanawe, maana kijana akishaona kwamba hadithi moja huzaa nyingine ataanza kuzitafuta mwenyewe. Tena ni kitabu chembamba. Msomaji wa kawaida anakimaliza kwa siku mbili au tatu, jambo lenye uzito mkubwa kwa mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitabu chochote cha Kiswahili nje ya darasa.

Kutoka hapo baadhi yao huvuka kwenda Kusadikika, cha mwandishi huyo huyo, cha mwaka 1951, kinachosimulia nchi iliyo angani ambako kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne za dunia, na juu mbinguni, na chini ardhini, kisha wakarudi na kuishia kifungoni. Ni riwaya kubwa, lakini sishauri kumwanzishia mtoto wa miaka kumi na minne, kwa sababu hotuba zake za baraza ni ndefu. Kwa kidato cha tatu na kuendelea inafaa sana, na ninawaambia wazifuate safari kwanza, kisha wazirudie hotuba wakiwa wameshajua ni kitu gani kinachopiganiwa.

Kwa wadogo zao walio shule ya msingi, au kwa yule wa kidato cha kwanza ambaye bado hapendi kitabu kizito, natafuta Alisi. Hadithi hii ya Mwingereza Lewis Carroll, ya mwaka 1865, imefasiriwa kwa Kiswahili zaidi ya mara moja: ipo Elisi katika Nchi ya Ajabu ya mwaka 1940, na ipo Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ya mwaka 2015 iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, ambaye pia ndiye aliyetufasiria Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Isomwe kwa sauti. Mazungumzo yake ya kupindapinda hayakai vizuri kwa anayesoma kimya kimya peke yake, lakini wawili wakigawana wahusika, darasa zima linacheka.

Kwa vijana wa kidato cha tano na sita ninazo mbili kutoka Kenya. Moja ni Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, anaingizwa katika chombo cha kumpeleka angani ili afie huko, naye anakimudu na kufika katika nchi yenye utaratibu tofauti kabisa na ule uliomhukumu. Nyingine ni Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya mwaka 2002, ambayo ni ngumu kidogo lakini huwafurahisha wale wanaopenda kufumbua mafumbo. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi ninaziheshimu mno, ila mzazi asimnunulie mtoto wa kidato cha pili kwa kuona tu kwamba ni nyembamba, zingoje.

Ndugu Mhariri, kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Baadhi ya wazazi wa mkoa wetu hawataki vitabu vya namna hii viingie nyumbani. Mzazi mmoja alinirudishia kitabu kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia kwa heshima kwamba kwao hawasomi mambo ya uchawi. Namwelewa. Katika nyanda hizi watu wameumizwa na wengine wameuawa kwa sababu ya imani za kishirikina, na mtu aliyeyaona hayo karibu hawezi kulichukulia jina la uchawi kama mchezo. Ninachowaomba wazazi wa namna hiyo ni kukisoma kitabu chenyewe kabla ya kukikataa. Katika Adili na Nduguze jini anakuja kuadhibu husuda, na mwisho wake ni msamaha. Katika A Wizard of Earthsea cha Mmarekani Ursula K. Le Guin, kilichotoka mwaka 1968, kijana Ged, mchunga mbuzi mwenye ngozi ya kahawia kutoka kisiwa cha Gont, anaingia shule ya wachawi, na kwa majivuno yake ya kutaka kumwonyesha mwenzake kwamba anamzidi, anaita kivuli ambacho kinamjeruhi na kumwandama, mpaka anapoamua kugeuka na kukikabili. Sijui mahubiri yanayoweza kumwonya kijana kuhusu kiburi kwa nguvu kuliko kurasa hizo.

Hoja hiyo ndiyo inayonifikisha kwenye kitabu ambacho, kama ningeruhusiwa kununua kimoja tu kwa kila maktaba ya shule za Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, ningechagua hicho. Ni Akata Witch cha Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kilichotoka mwaka 2011. Shujaa wake ni Sunny, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye ualbino, aliyezaliwa Marekani na sasa anaishi Nigeria katika mji wa Aba. Anapenda mpira wa miguu kupita kiasi, lakini jua halimruhusu kucheza mchana na wenzake, na shuleni wanamtania. Kisha anagundua kwamba ana uwezo ambao hakuujua, anapata marafiki watatu, Orlu, Chichi na Sasha, na wanne hao wanaingia katika mapambano na mtu anayeteka watoto na kuwaua kwa ajili ya mambo yake ya giza.

Wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kuelezwa kwa nini kitabu hiki kinasomwa kwa namna ya pekee hapa kwetu. Watoto wenye ualbino wa Tanzania wametajwa katika magazeti kwa miaka mingi kama watu wa kuhurumiwa, kulindwa, au kuhesabiwa miongoni mwa waliodhurika, na ulinzi huo ni wa lazima, lakini mtoto hawezi kukua kwa kuonewa huruma peke yake. Sunny haonewi huruma na mwandishi wake. Anakasirika, anakosea, anabishana na baba yake, anafunga mabao, na anayemkabili mteka watoto ni yeye. Nilimwazima kitabu hicho mwanafunzi wangu mmoja mwenye ualbino bila kumweleza lolote kuhusu kilichomo. Alikirudisha baada ya wiki moja, akauliza kama kuna cha pili. Kipo, nikamwambia, na hadi leo bado tunakitafuta.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza cha riwaya hizo kitawashinda. Kwa wengi wa kidato cha kwanza ni kweli, na ndiyo sababu naanza na Kiswahili: mtoto aliyezoea kufuata kisa kirefu katika lugha anayoiota hukivumilia Kiingereza kigumu kwa ajili ya kisa, na hachoki haraka kama yule anayepambana na lugha na hadithi kwa wakati mmoja. Kwa hatua ya kwanza ya Kiingereza napendelea Zahrah the Windseeker, cha mwandishi huyo huyo, cha mwaka 2005, kilichopata Tuzo ya Wole Soyinka mwaka 2008. Msichana anaingia katika msitu uliokatazwa kumtafutia dawa rafiki yake aliyeumwa na nyoka. Kisa chake kinakwenda moja kwa moja, na sentensi zake si ndefu.

Kama kijana hapendi majini wala safari za angani, asilazimishwe. Mzazi ampatie Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga anayefiwa na mama yake na kufunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua, amewaliza wavulana wengi ambao hawangependa nimtaje hata mmoja wao.

Nina ombi kwa wachapishaji wetu. Akata Witch na Zahrah vifasiriwe kwa Kiswahili, kwa sababu wasomaji wapo, nami nawaona kila jioni wakipanga foleni mbele ya kabati. Na kwa vijana wanaoandika, ambao siku hizi wana Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ya kupeleka kazi zao, nawaomba watazame walipo. Tuna Ziwa Ngozi lililo ndani ya shimo la volkano, lenye misitu mikubwa kuta zote na hadithi za wazee zisizokwisha. Tuna Kimondo cha Mbozi, kipande cha chuma kilichoanguka kutoka angani. Tuna Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, na jiwe la Gangilonga pale Iringa. Mwandishi wa fantasia wa nchi nyingine angetoa chochote apate mandhari kama hayo, na mpaka sasa sijapata kitabu cha vijana chenye safari inayoanzia Tukuyu.

Mwisho, upatikanaji. Vitabu vya Shaaban Robert mzazi anaweza kuanza kuviulizia katika Maktaba ya Mkoa na kwa wauza vitabu vya shule. Vya Kiingereza mara nyingine huonekana kwa wauza vitabu vya mtumba wanaopanga chini, ila anayeviona leo asitegemee kuvikuta kesho. Walenisi ndiyo inayonisumbua, kwani nakala yetu iliazimwa na haikurudi, na maduka niliyoulizia mjini Mbeya hawanayo. Msomaji wa Iringa, Njombe, Makambako au Tunduma anayejua duka lenye nakala, au aliye nayo nyumbani na yuko tayari kuiuza, namwomba aandike kupitia ukurasa huu, na ataje bei.

Wako katika usomaji,
Mwalimu wa Kiswahili, Uyole, Mbeya