Barua kwa Baba Baraka

Kisumu,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Wekesa,

Salamu nyingi kutoka huku Manyatta. Sisi hatujambo, ni mvua tu inayotupigia mabati tangu saa tisa. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Unasema Baraka ana wiki tatu, na kila ukimbeba analia mpaka asikie mama yake akisema neno, hapo hapo ananyamaza. Hukosei chochote, ndugu yangu. Lile neno lako, "labda hanitaki," limenichoma kwa sababu hata mimi nilitembea nalo moyoni Achieng alipozaliwa.

Wakati ule nilitafuta, nikasoma. Mwaka 1980 huko Marekani, watafiti Anthony DeCasper na William Fifer waliwavalisha vichanga visikizi, wakawapa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine. Mtoto akipumzika kwa muda fulani kabla ya kunyonya tena, alisikia sauti ya mama yake. Akibadilisha mwendo, ilikuja sauti ya mama mwingine. Hawakuwa wametimiza siku tatu duniani, na bado walijifunza kunyonya kwa mwendo wa kumleta mama! Mwaka 1984 DeCasper na Phyllis Prescott wakajaribu sauti za baba. Vichanga waliweza kutofautisha mwanamume mmoja na mwingine, ila hawakumchagua baba yao. Nilipofika hapo niliweka simu mezani, nikashusha pumzi. Kumbe si mimi peke yangu.

Na ukifikiria, ni haki yao. Miezi ile ya mwisho tumboni mtoto anasikia, na sauti ya mama inamfikia kupitia mwili wenyewe, kutwa nzima, akibishana na muuza mboga, akisali. Yetu inatoka nje. Tena wewe ulikuwa njiani na lori, Nakuru hadi Malaba na kurudi. Angekuzoea saa ngapi?

Mimi nilianza hivi. Nikitoka gereji nanawa mikono, halafu namwita jina kabla sijamgusa. Namsimulia siku yangu polepole, nikivuta maneno kama wanavyofanya kina mama: pikipiki niliyotengeneza, bei ya ngege sokoni. Akigeuza uso, nanyamaza, amechoka. Mama Baraka akitaka kumsemesha Kiswahili, sawa, wewe msemeshe Kibukusu chako.

Achieng alikuwa anakaribia miezi miwili. Mama yake alikuwa amekaa karibu na mlango akimnyonyesha, nami nikasema "Achi" nikiwa bado kizingitini. Aliacha kunyonya. Maziwa yakamtiririka kidevuni, macho yakaanza kunitafuta, huku, kule, mpaka yakanipata. Nilisimama pale na viatu mkononi, sikuweza hata kuingia.

Jambo moja tu uangalie: kishindo kikubwa kikitokea karibu naye asishtuke kabisa, mpelekeni kliniki wampime masikio, msingoje. Lakini kwa vile ananyamaza akimsikia mama yake, sina wasiwasi.

Mwezi ujao nakuja Nakuru kuchukua vipuri, nitalala kwenu. Usiku wa leo mwite kwanza, ndipo umbebe, halafu uniandikie alivyofanya.

Msalimie sana Mama Baraka.

Ndugu yako,
Baba Achieng