Mguu uliovunjika msiuuzie buti kubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kitu kimoja tu, huu ushauri anaopewa karibu kila mtu aliyevunjika enka akitaka kurudi kwenye skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, kwamba chukua buti saizi moja juu na chukua laini. Nimeusikia kwa marafiki, nimeusikia kwa muuzaji, na mimi mwenyewe niliufuata ukanipotezea msimu mzima, ndo maana naandika.

Enka yangu ya kushoto ilivunjika pande tatu, na wala sio kwenye theluji, ni ngazi tu zilizolowa maji. Nikawekewa vyuma, sahani ndefu upande wa nje na skrubu saba, upande wa ndani skrubu mbili. Mfupa uliunga vizuri, daktari akaridhika, mazoezi ya viungo nilifanya karibu mwaka mzima, alafu daktari akaniruhusu kurudi mlimani. Buti zangu za zamani mguu hauingii kabisa, nikaenda dukani, yule kijana akanipima urefu wa unyayo akaniambia kwa mguu kama huu ongeza saizi upate nafasi. Nikaivaa pale dukani nikaona raha, nikashukuru nikaondoka nayo.

Sasa sikieni kilichotokea. Buti kubwa haishiki kisigino, kwa hiyo ukiinama mbele kisigino kinanyanyuka na mguu mzima unateleza kwenda mbele, vidole vinagonga, ski, ule ubao wa kutelezea, haikusikii, na wewe unachofanya ni kile anachofanya kila mtu, unakaza vibano vya juu mpaka mwisho. Ukikaza hivo plastiki inajikunja kuingia ndani inalalia kile kinundu cha nje cha enka, na kwangu pale juu ya mfupa kuna sahani ya chuma na ngozi yake ni nyembamba. Ukishuka mara mbili tatu ganzi inaanza kwenye vidole, ukifungua inauma kuliko ilivokuwa. Yani nafasi niliyoipata ilikuwa mahali ambapo siihitaji, na pale ninapoihitaji haikuwepo.

Aliyenisaidia ni fundi mmoja wa buti ambaye hata hakuanza na buti. Aliniambia vua soksi zote mbili nione miguu, alafu akanisimamisha mbele ya ukuta. Hiki kipimo mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani, weka mguu mbele ya ukuta, kisigino kisitoke chini hata kidogo, kunja goti liguse ukuta, rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka pale ambapo goti linagusa kwa shida, pima kutoka kidole gumba mpaka ukutani. Mguu wangu mzima ulitoa sentimita 11, ulioumia 4. Hapo ndo nilielewa tatizo langu, maana buti ya skii imetengenezwa ikiwa imeinama mbele tayari, nyingi ni kati ya digrii 11 na 17 hivi, na enka isiyokunja kufika pale lazima itafute pa kupata hiyo digrii, na njia rahisi iliyobaki ni kunyanyua kisigino. Mi nilidhani kisigino kinapanda kwa sababu buti ni pana, kumbe hata buti ya kunibana kingepanda.

Dawa yake ni kabari ndogo chini ya kisigino, ndani ya buti, milimita chache tu. Inanyanyua kisigino makusudi ili enka isilazimishwe, na kwenye buti zingine ile sehemu ya juu inaweza kusimamishwa wima zaidi, hiyo nayo inasaidia. Ila kuna jambo ambalo sijaona likisemwa, na mimi lilinigharimu safari mbili za ziada kwa fundi: ukiweka kabari mguu wote unapanda, kwa hiyo vile vinundu vya enka vinahama kutoka kwenye vishimo vyake ndani ya buti. Kwa hiyo kabari kwanza, kupanua plastiki baadaye. Ukianza na kupanua utapanua mahali pasipo.

Na kupanua kwenyewe ni kitu cha kawaida sana kwa fundi anayejua kazi, watu wanaogopa bure. Anaweka alama ya rangi juu ya kinundu chako, unaingiza mguu kwenye ganda tupu lile la plastiki bila bitana, yani kile kiatu laini cha ndani, rangi inabaki palepale panapogusa, alafu anapasha moto ile sehemu na kuisukuma nje kwa kifaa chake mpaka ipoe. Bitana nyingi za siku hizi pia zinapashwa moto zikachukua umbo la mguu. Kwangu ganda lilisukumwa upande wa nje wa buti ya kushoto peke yake, ya kulia haikuguswa, na hivo ndivo inavyotakiwa maana miguu miwili baada ya jeraha sio pacha tena. Wa kushoto umevimba enka lakini shavu la mguu limepungua, juu panalegea chini panabana, sasa saizi moja juu itatibu nini hapo?

Saizi yenyewe nilirudi kwenye ileile ya zamani. Jinsi ya kuipata toa bitana, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza vidole viguse mbele, angalia nyuma ya kisigino. Ikibaki sentimita moja na nusu mpaka mbili hivi ni sawa kwa mtu wa kawaida, ikizidi sana hapo rudisha hata kama dukani unaiona tamu. Pima na miguu yote miwili, pima jioni kama mguu wako huvimba ukitembea, na vaa soksi moja nyembamba, ile nene haiongezi joto ndani ya buti ya skii, inachukua nafasi tu na kubana damu.

Kuhusu ulaini, hapa najua wengi hawatakubaliana na mimi. Namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye buti haina kipimo kimoja kwa watengenezaji wote, 100 ya huyu inaweza kuwa 90 ya yule, kwa hiyo usinunue namba. Na buti laini mno kwa enka isiyokunja vizuri inakuacha uanguke mbele mpaka mwisho wa mkunjo wako, pale mfupa unapokutana na mfupa, na hayo ni maumivu nisiyomwombea mtu. Ya kwangu ni ya ugumu wa kati na inanizuia kabla sijafika hapo. Sisemi kila mtu achukue ngumu, nasema upimwe kwanza.

Kuvaa na kuvua ni habari nyingine, kwangu ndo palikuwa panauma kuliko kuteleza kwenyewe. Buti ya vipande vitatu, ile yenye ulimi wa plastiki mbele unaofunguka wote, mguu unaingia bila kupinda enka sana, na zile zinazofunguka kwa nyuma vilevile. Na usizilaze kwenye gari la baridi, plastiki iliyopoa ni ngumu kama jiwe, zilete ndani zilale kwenye joto.

Ukishabadilisha buti peleka na ski zako zirekebishwe baindingi, kile kishikizo kinachoachia buti ukianguka. Urefu wa soli umebadilika, pengine hata aina ya soli, na mtambo uliowekwa kwa buti ya zamani unaweza kukataa kuachia au kuachia ovyo. Mwambie fundi ukweli wa uzito wako, umri na unavyoteleza, usijikuze.

Ombi langu kwenu Mhariri, mkiandika tena kuhusu watu kurudi kwenye michezo baada ya kuvunjika, mtafuteni fundi wa buti na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wakae meza moja wawaeleze wasomaji pamoja, maana yule wa kwangu wa mazoezi hakujua buti imeinama digrii ngapi, na muuzaji hakuniuliza hata mara moja kama enka yangu inakunja.

Msomaji wenu wa siku nyingi