Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuipita barabara ile hadi kutufikia. Karibu sana, hapa ni kwenu.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi tisa na mwalimu mmoja chini ya mwembe ule unaouona. Leo tuko 31. Tumeshika nafasi ya pili katika maonyesho ya sayansi ya kata, tumetengeneza redio inayokamata stesheni mbili, tumeongoza upandaji wa miti 140 kuzunguka shule, na ufaulu wa fizikia umepanda kiasi cha kutolewa mfano kwenye vikao vya wazazi. Mafanikio ni mengi. Kwa kuheshimu muda wako hatutayataja yote, maana tuna jambo moja kubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo hilo ni umeme. Shule ina umeme, na tunaishukuru Serikali kwa hilo. Lakini transfoma iko senta, karibu na soko, na kutoka pale hadi hapa unakuja kwa msongo mdogo, volti 230, kwenye nguzo 24. Tulipima umbali kwa futi kamba kwa siku mbili: kilomita 1.2. Usiku, mabweni yote yakiwasha taa na pampu ya kisima ikifanya kazi, taa zinafifia, kompyuta zinajizima zenyewe, na mota ya pampu inanguruma bila kuvuta maji. Mota hiyo imesukwa upya mara mbili. Siku inapoungua, wasichana 76 wa bweni hubeba ndoo kutoka bondeni kabla ya jua kuchomoza. Tumeandika jambo hili mapema katika risala ili lisipotee kati ya mahesabu yanayofuata.

Mwaka huu tuliamua kutolalamika bila vipimo. Waya ni wa alumini, na mafundi walituambia una mkato wa milimita 50 za mraba. Ukinzani wake ni karibu omu 0.56 kwa kila kilomita. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo waya wote ni kilomita 2.4, sawa na omu 1.344. Mchana shule inavuta ampea 20. Zidisha 20 kwa 20, kisha kwa 1.344: wati 538 zinageuka joto njiani. Usiku tunavuta ampea 40. Mkondo umeongezeka mara mbili tu, lakini upotevu umeongezeka mara nne, wati 2,150. Ndiyo kanuni ya Joule ya mwaka 1841, nasi tumeiona kwenye nguzo zetu wenyewe. Katika kila wati 100 zinazotoka senta usiku, 23 hazifiki hapa.

Hesabu ilisema volti zitakazotufikia usiku ni 176. Tulipoweka multimita kwenye soketi ya maabara saa mbili usiku, ikasoma 174. Volti mbili zilizopungua tunadhani zinaliwa kwenye viungio vilivyolegea. Mwalimu wetu alisimama kimya muda mrefu akiiangalia namba ile.

Upotevu huo haupiti kwenye luku yetu. Mita iko huku mwisho, na umeme unapotea kabla haujaifikia. Anayebeba hasara hiyo ni shirika la umeme. Kwa saa sita za mchana na nne za usiku, zinapotea karibu uniti 11.8 kila siku. Kwa siku 270 za mihula ni uniti 3,190 hivi, na kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti, ambayo ndiyo bei tunayonunulia sisi, ni zaidi ya shilingi milioni 1.1 kwa mwaka. Fedha hiyo inawapasha joto ndege wanaotua kwenye waya.

Sasa, Mheshimiwa, tunaomba uangalie nyuma ya bweni la wasichana. Zile nyaya tatu za juu ni njia ya msongo wa kati, kilovolti 33. Zinapita juu ya ardhi ya shule, mita 200 kutoka ulipoketi. Mzigo wetu wote wa usiku ungekuja kwa msongo ule, ungehitaji ampea 0.28 tu, na kwenye waya wa urefu na unene uleule ungepotea takriban sehemu moja ya kumi ya wati. Hii ndiyo sababu umeme wa Bwawa la Julius Nyerere unasafirishwa kwenda Chalinze kwa kilovolti 400. Tuliwahi kuambiwa tusubiri waya mnene zaidi. Waya wenye mkato maradufu ungepunguza upotevu kwa nusu tu. Kwa heshima zote, hiyo si dawa.

Tunachoomba ni transfoma moja ndogo yenye uwezo wa kVA 50 (kilovolti-ampea) hapa shuleni, ya kushusha msongo ule hadi volti 230. Hatufichi kwamba nayo hula umeme wake mchana na usiku, hata taa zikiwa zimezimwa. Tumekadiria wati 200, yaani uniti 1,752 kwa mwaka. Tukizitoa, bado zinaokolewa uniti 1,440, zaidi ya shilingi laki tano kila mwaka, mbali na mota na maji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni, na tunalisema kwa unyenyekevu. Wageni rasmi watatu waliokutangulia walisimama hapo uliposimama uliposalimia, wakatuahidi transfoma, nasi tukapiga makofi kwa moyo. Baada ya ahadi ya pili walikuja wapimaji, wakapigilia kigingi, wakaondoka. Kigingi kipo. Kila muhula wanafunzi wanakipaka chokaa upya kisije kikapotea kwenye nyasi, na waliokipaka kwanza wamekwishamaliza shule.

Wazazi wamechanga shilingi 1,850,000 na ziko kwenye akaunti ya shule. Vijana wako tayari kuchimba mashimo ya nguzo. Kwa hiyo leo hatukuombi ahadi. Tunaomba mambo mawili unayoweza kuyafanya kabla hujapanda gari: ututajie ofisa ambaye Mkuu wa Shule atamfuata Jumatatu, na uweke saini yako kwenye barua iliyo ndani ya bahasha hii, ambamo tumeambatisha vipimo vyetu vyote. Baada ya chakula, ukiridhia, tutakupeleka kwenye kigingi. Si mbali.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Klabu ya Fizikia