Barua kwa wazazi kuhusu kazi ya duka huku Kansas, Marekani

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima, na kwamba kahawa ya msimu huu imekubali. Mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu.

Baba, uliniuliza kwa nini mtu aliyesomea uhasibu aache mshahara wa uhakika wa kiwanda cha nyama cha Garden City, akaajiriwe dukani katika mji ambao watu wake hawafiki elfu mbili. Swali hilo halijibiki kwa simu, ndiyo maana nimeketi kuandika.

Duka hili la vyakula ni mali ya mzee mmoja aliyelirithi kwa baba yake. Si tawi la kampuni yoyote, na hakuna ofisi kuu inayotuamulia tuuze nini na kwa bei gani. Katika maduka ya kampuni kubwa mtu anaweza kupanga bidhaa kwa miaka mingi bila kujua hata kopo moja la maharage limenunuliwa kwa bei gani. Mimi nilianzia kwenye rafu, nikafundishwa kukata nyama buchani, kisha kuagiza mzigo, na sasa vitabu vyote vya hesabu viko mikononi mwangu. Uhasibu niliosoma haukupotea, Baba, na kusema kweli hapa ndipo nilipoanza kuuelewa.

Hesabu zenyewe hazina huruma. Duka la vyakula nchini Marekani, baada ya kulipia mzigo, mishahara, umeme na kodi, kwa kawaida hubakiwa na dola moja au mbili tu kwa kila dola mia za mauzo. Majokofu hunguruma usiku na mchana, na kompresa moja ikifa katika joto la Julai, faida ya miezi kadhaa huenda na maji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ujuzi wa kazi hii ni kujua nini kisiagizwe, kwa sababu lettusi iliyooza rafuni inameza faida ya bidhaa nyingi zilizouzwa.

Ugumu mkubwa zaidi ni kupata mzigo. Wauzaji wa jumla hawapendi kutuma lori mbali kwa oda ndogo, hivyo huweka kiwango ambacho duka lisipokifikisha halihudumiwi. Wenye maduka wa eneo hili waliliona jambo hilo zamani, na katika miaka ya 1920 walianzisha Associated Wholesale Grocers huko Kansas City, ushirika unaomilikiwa na wenye maduka wenyewe, ambao hununua kwa pamoja na kuwagawia wanachama ziada inayopatikana. Mama, wewe unayepeleka kahawa kwenye chama cha ushirika hapo Mbinga huhitaji kufafanuliwa zaidi. Ipo pia sheria ya mwaka 1936, iitwayo Robinson-Patman, inayokataza mwenye kiwanda kumpendelea mnunuzi mkubwa kwa bei bila sababu ya haki, lakini tangu miaka ya 1980 serikali imeitumia kwa nadra sana, na kwa maoni yangu kulala kwa sheria hiyo kumewaumiza wenye maduka madogo kuliko uvivu wao wanaosingiziwa.

Washindani tunao. Dollar General, kampuni ya maduka ya bei nafuu, peke yake ina maduka zaidi ya 20,000 nchini, mengi yakiwa katika miji midogo kama huu wetu. Kwa sabuni na biskuti hatuwawezi, wala hatujaribu. Nguvu yetu ni bucha, mboga na kumjua mteja. Siku kumi za mwanzo wa mwezi, ambapo jimbo la Kansas huwaingizia watu fedha za msaada wa chakula kwa kufuata herufi ya kwanza ya jina la ukoo, tunaagiza nyama zaidi. Mwezi Juni, wakati wa kuvuna ngano, wavunaji wa kukodiwa hupita na mashine zao wakitoka Texas kuelekea kaskazini, na sisi huwapelekea chakula hadi mashambani. Ni kalenda ileile uliyokuwa nayo Mama dukani kwako, kwenye daftari lako la madeni, ulipojua nani atalipa kahawa ikishauzwa.

Kuhusu kesho yangu, wenye maduka wengi wamezeeka na watoto wao wamehamia mijini. Duka likifungwa, mji nao hudhoofika: St. Paul, mashariki mwa jimbo, ulikaa zaidi ya miaka 20 bila duka la vyakula, hadi wakazi walipojikusanya wakalifungua mwaka 2008, na baadaye halmashauri ya mji ikalichukua. Chuo Kikuu cha Kansas State kina mpango maalumu wa maduka ya vijijini, na miongoni mwa kazi zake ni kuwasaidia wazee kukabidhi maduka kwa wengine. Nami nimekubaliana na mwenye duka kwamba nitalinunua kidogo kidogo, naye akiendelea kuwapo kunishauri. Mshahara wangu ni mdogo kuliko ule wa kiwandani, sitawaficha, na kazi ya Jumamosi haikwepeki.

Nimesikia kwamba mdogo wangu anataka kufunga duka la Mama aende Dar es Salaam kutafuta kazi kwenye supamaketi. Simzuii. Namwomba tu kwanza, kuanzia sasa hadi kahawa itakapolipwa, aandike kila kinachonunuliwa kwa bei ya jumla, kinachouzwa, kinachoharibika na kinachokopwa, kisha anipigie picha kurasa hizo anitumie kwa WhatsApp. Nitazipitia naye mstari kwa mstari, na awaulize pia wenye maduka wa vijiji jirani kama wangekubali kukodi gari moja la mzigo kutoka Songea.

Wasalimieni shangazi na majirani wote.

Mwanenu awapendaye.