Wagombea wa 2027 watuambie sisi wazee watakitumiaje kiti wanachokiomba

Mhariri,

Hivi majuzi nilihudhuria mazishi huku kwetu Kaloleni, na kama ilivyo desturi siku hizi, kipaza sauti kiliishia mikononi mwa wanasiasa. Walikuwa wanne: mmoja anautaka ugavana, mmoja ubunge, na wawili wanapigania wadi moja. Wote wanne waliahidi kuwaongezea wazee pesa za Inua Jamii, ile posho ya Serikali ya kila mwezi. Tulipiga makofi, nami nikiwemo. Njiani kurudi nyumbani ndipo nilipojiuliza mwakilishi wadi atawezaje kuongeza pesa ambazo hazipiti kabisa katika bunge la kaunti.

Uchaguzi wa Agosti 10, 2027 bado uko mbali, lakini wagombea wameshaanza kutuzungukia, na naona wazee wenzangu wakiwalinganisha kwa leso waliyopewa, kwa ukoo, au kwa ufundi wa kusema. Ninachowaomba ni kwamba kila anayekuja tumuulize kuhusu jambo ambalo kiti anachokiomba kina uwezo nalo, kwa sababu ahadi iliyo nje ya mamlaka ya mtu haiwezi kumshika wala kumuaibisha baadaye.

Nianze na hizo pesa zenyewe. Tangu mwaka 2018, mpango wa Inua Jamii ulipopanuliwa ili kumhusu kila Mkenya aliyetimiza umri wa miaka 70 na asiyelipwa pensheni, kiwango kimekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30 upate shilingi 66 na senti kadhaa. Huku kwetu, mzee anayeishi ndani kidogo hutumia shilingi 200 za bodaboda kwenda na kurudi kituoni kuzichukua, yaani posho ya siku tatu imekwisha kabla hajanunua chumvi. Pesa hizi hupangwa na Serikali ya Kitaifa na kupitishwa na Bunge la Taifa katika makadirio ya bajeti. Kwa hiyo wa kuulizwa ni mgombea urais na mgombea ubunge. Gavana akiahidi kuzipandisha, ama haijui kazi anayoiomba, ama anadhani sisi ndio hatuijui.

Katika kampeni za 2022 angalau tulikuwa na kitu cha kulinganisha. Marehemu Raila Odinga, Mungu amrehemu, aliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini zipatazo milioni mbili. Ukipiga hesabu, hizo ni shilingi bilioni 144 kwa mwaka, na wengi waliuliza, kwa haki kabisa, zingetoka wapi. William Ruto hakutaja nyongeza kubwa ya aina hiyo. Manifesto yake ilisema mpango huo utaboreshwa ili malipo yafike kwa wakati, na kwamba wazee wote watakuwa na bima ya afya katika muda wa miaka mitatu. Mimi binafsi niliiona ahadi ya pili kuwa ndogo lakini yenye kupimika, na hadi leo naamini ahadi yenye tarehe ni bora kuliko ahadi yenye sufuri nyingi. Sasa miaka mitatu imepita. Bima ile iliyoahidiwa, NHIF, iliondolewa, na tangu Oktoba 1, 2024 tuko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Rais atakaporudi kutuomba kura ana deni la kutueleza ni wazee wangapi wamefikiwa. (Yeye mwenyewe alizaliwa Desemba 1966, na Katiba inamwita mzee yeyote aliyepita miaka 60, kwa hiyo siku hiyo tutakuwa tunazungumza na mzee mwenzetu.)

Kuhusu bima hiyo kuna hesabu ambayo sijamsikia mgombea hata mmoja akiigusa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na ajira rasmi hukadiriwa mapato yake, lakini hawezi kulipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kutoa za mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600. Mzee ambaye pato lake lote ni zile 2,000 hupata shilingi 24,000 kwa mwaka, na 3,600 katika 24,000 ni asilimia 15. Yaani bibi asiye na pato lingine anaombwa sehemu ya pato lake iliyo zaidi ya mara tano ya ile anayokatwa mkurugenzi wa benki. Ni kweli huduma za zahanati na vituo vya afya ni za bure kwa aliyejisajili, na ni kweli pia kwamba mwaka 2025 Rais alizindua mpango wa Serikali kuwalipia watu wapatao milioni 2.2 wasiojiweza. Lakini wasiojiweza ni wengi kuliko hao, na mzee akipelekwa hospitali kubwa bila ya kuwa amelipiwa, mzigo unarudi kwa wanawe. Mgombea urais aniambie waziwazi: je, kila anayepokea Inua Jamii atahesabiwa moja kwa moja kuwa asiyejiweza na kulipiwa bima, au ataanza tena kupanga foleni kuthibitisha umaskini wake?

Nimetaja foleni kwa sababu nina kisa. Dada yangu mkubwa, mwenye miaka 78, nilimsindikiza katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Ametumia umri wake wote kukuna nazi na kushona makuti, na vidole vyake vimekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Karani, kijana mwenye adabu, akamwekea mashine ya alama za vidole ili atambuliwe, akamwambia, “Hawe (yaani bibi), hebu jaribu kidole gumba.” Mashine ikakataa. Akafuta kioo kwa ncha ya shati lake, wakajaribu cha pili, cha tatu, hadi vyote kumi. Mtu mmoja kwenye foleni akashauri apakwe mafuta ya nazi, na mwingine akasema hapana, anawe kwa maji ya moto. Tulirudi nyumbani na shinikizo lake la damu likiwa halijapimwa. Siku ya pili kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikakubalika, na tangu hapo dada hukilinda kidole hicho kama cheti cha ardhi. Sasa, huyu karani si wa Rais wala wa mbunge. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ni mzigo wa kaunti. Hapa basi ndipo pa kumbana anayetaka ugavana: mzee ambaye vidole vyake havisomeki atahudumiwa kwa njia gani siku hiyohiyo? Dawa za presha na sukari zitakuwepo katika zahanati zetu miezi yote kumi na miwili, au tutaendelea kuandikiwa karatasi ya kwenda kuzinunua? Mwakilishi wadi naye ana la kujibu, maana ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti na ndiye anayepaswa kumuuliza gavana zilikokwenda pesa za dawa.

Suala la mwisho ni lile ambalo wagombea wa Kilifi hulikwepa wakidhani litawapotezea kura za vijana. Wazee katika kaunti hii wanauawa kwa kusingiziwa uchawi. Huku kwetu mvi zimegeuzwa kuwa ushahidi. Ukichunguza, mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo baba hajaligawa, na kuna mtoto au mpwa aliyechoka kusubiri. Katika eneo la Ganze, kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kikiwapa hifadhi wazee waliokimbia makwao, watu wenye nyumba na minazi yao wenyewe, sasa wakilala kwa hisani ya wengine. Ibara ya 57 ya Katiba inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, na ya kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Anayetaka kuwa mbunge au seneta aseme mbele ya vijana, si pembeni kwetu kwa kunong'ona, kwamba mzee si mchawi kwa sababu ya umri wake, na atueleze atafanya nini ili kesi hizi zisifie katika vituo vya polisi. Mimi mgombea atakayelisema hilo hadharani, hata kama chama chake sikipendi, nitampa kura yangu kabla ya yule atakayeniletea unga.

Wazee tusidhani pia kwamba tukishachagua jina vichwani mwetu kazi imekwisha. Vile vidole vya dada yangu vitakutana na mashine nyingine siku ya kupiga kura. Wenzangu wajue kwamba mashine ikishindwa kumtambua mtu kwa alama za vidole, anaweza kutafutwa kwa nambari ya kitambulisho, ikajazwa Fomu 32A mbele ya mawakala, kisha akapiga kura. Mzee asiyeona vizuri anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Hapo nawasihi wasimwachie kazi hiyo kijana aliyevaa fulana ya chama.

Sisi wastaafu wachache wa hapa kijijini tumeshayaandika maswali haya katika karatasi moja, na kila swali limewekewa jina la kiti kinachohusika. Tumetumia herufi kubwa ili wenye mtoto wa jicho waweze kusoma, na nakala iko kwa mzee wa mtaa. Wale wanne wa mazishini tumewaalika. Hadi ninapoandika barua hii, amejibu mmoja, naye aliuliza kama kutakuwa na kipaza sauti.

Mwalimu mstaafu,
Kaloleni, Kaunti ya Kilifi